Sikuwa na pa kulalamikia

Swali lenu la wiki hii, "Filamu ikiharibu kitabu unachokipenda, unafanyaje?", mngeniuliza mwaka jana ningewajibu hapo hapo: naingia mtandaoni nawasha moto. Na sitanii. Mimi ni mwandishi, wa hadithi fupi zaidi, na kwa miaka kama saba hivi nilikuwa yule mtu ambaye picha ya kwanza tu ya mwigizaji ikitoka, kabla hata ya treila, keshafungua uzi kueleza kwa nini huyo dada hafanani na wa kwenye kitabu, kwamba wametuharibia, kwamba hawajakisoma kabisa. Muvi yenyewe nikija kuiona (nyingine sikuwahi kuziona, leo acha nikiri) naiona na simu mkononi, natafuta kosa la kuposti. Yaani nilikuwa mkaguzi, sio mtazamaji.

Nimetoka huko miezi minane sasa. Sikuaga mtu, maana wanaoaga kwa maneno marefu baada ya wiki utawaona wamerudi. Sababu wala haikuwa ya kishujaa, niliona tu hadithi niliyokuwa naiandika imeganda kwenye kurasa nne tangu mwaka uanze, wakati komenti zangu za mwezi mmoja zingetosha kitabu kizima. Nikafuta akaunti zote na programu zake kwenye simu. Ile nafasi ikakaliwa na kikokotoo, basi wiki ya kwanza kidole gumba kinajiendea chenyewe pale pale, nashtuka nimekodolea macho sifuri. Nimefungua kikokotoo kuliko mhasibu.

Sasa katikati ya hiyo wiki ndo ikaja filamu. Kuna kijana anasomea mambo ya filamu, aliniomba zamani hadithi yangu moja aitengeneze, nikakubali nikasahau, akanitumia, dakika kumi na mbili. Kwenye hadithi, mama anapokea barua ya mtoto wake aliyeondoka bila kuaga, haifungui mpaka usiku, na katikati hapo kuna kurasa tatu za anayoyawaza huyo mama, kurasa ambazo ukiniuliza kwa nini naipenda ile hadithi nitakwambia ni hizo. Kijana kazitupa zote. Hakuna sauti ya msimulizi, hakuna neno. Mama anapokea bahasha, anaigeuza upande wa pili, anaisukumia chini ya redio iliyoko mezani, halafu anaongeza sauti ya redio. Basi, anarudi kufagia.

Nilipanda mori. Nikashika simu, kidole kikaenda kule kule, kikokotoo. Sifuri.

Hapo ndo nikajikuta sina pa kulalamikia, na hasira nikakaa nayo mwenyewe ndani, na kwa kuwa hakuna wa kuniambia "umeongea ukweli mtupu" ikaanza kupoa, nikairudia ile filamu kwa kukosa cha kufanya tu. Mara ya tatu ndo nikaona ule mkono. Mama anaongeza sauti kama mtu anayeogopa barua itaongea. Zile kurasa zangu tatu zimo mle, kwenye kuzungusha kitufe. Na ukweli angezipitisha wapi nyingine? Watu wa skripti wanahesabu ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo muvi ya saa mbili ni kurasa mia na ishirini tu na riwaya inaweza kuwa na mia nne, tena kamera ukiiandikia "akakumbuka" haina cha kupiga.

Nikakumbuka kuna siku nilibishana siku tatu (siku tatu!) kuhusu Frankenstein, kwamba hilo ni jina la aliyekitengeneza kiumbe sio kiumbe chenyewe, na kwamba kwenye kitabu cha Mary Shelley cha 1818 kile kiumbe kinaongea vizuri kutushinda wengi, kimesoma mpaka mashairi ya Milton, halafu filamu ya 1931 ikamfanya Boris Karloff, aliyekiigiza, awe wa kugunaguna tu. Yote kweli. Ila katika siku zote tatu sikusema hata mara moja kwamba pale wanapofungua dari na Karloff ananyanyua mikono anataka kuushika mwanga, mimi nilipoiona mara ya kwanza nililia.

Na si sisi wadogo tu tunaoumia. Stephen King, mwandishi wa riwaya ya The Shining, hakuipenda filamu yake iliyotengenezwa na Stanley Kubrick mwaka 1980 na amelisema hilo miaka na miaka. Kitabuni yule baba anayetunza hoteli ni mtu wa kawaida anayeporomoka taratibu na hoteli inakuja kulipuka kwa sababu ya boila, kwa Kubrick baba unamwona hayuko sawa mapema tu na mwisho anaganda kwenye theluji. King mwaka 1997 akaandika mwenyewe skripti ya tamthilia ya televisheni ya sehemu tatu, inafuata kitabu kwa karibu, ila jaribu kumtajia mtu The Shining uone kama hatakumbuka theluji. Zamani nilikuwa timu King damu. Siku hizi naona wote wawili walikuwa sahihi, ambalo kule huwezi kulisema, utachapwa na pande zote mbili.

Msidhani nimekuwa mpole sana lakini. Mwishoni mama anapofungua barua yule kijana kaweka vinanda, vinalia kabla hata mama mwenyewe hajalia, na hilo sijamsamehe, nilimpigia nikamwambia. Kumpigia! Zamani angeyasoma kwenye uzi pamoja na watu mia tatu. Akakubali vinanda vimezidi. Nikamuuliza lile wazo la redio alilitoa wapi, akacheka, akasema kwenye skripti haikuwemo kabisa, ilikuwa imekaa tu pale mezani, mwigizaji ndo kaishika mwenyewe. Nikauliza ilikuwa inaimba wimbo gani siku hiyo. Akasema haikuwa hata na betri, sauti waliiweka baadaye.