Kabla Hujanunua Matairi ya Ubavu Mweupe

Kaka mmoja kanitumia ujumbe juzi. Ana Chevrolet Impala ya 1964, rangi imekamilika, viti vimeshonwa upya, sasa anataka matairi ya ubavu mweupe "yale mapana kama ya kwako". Sifa nimezipokea, nashukuru. Ila kaka, gari langu ni Chevrolet Bel Air ya 1955. Yako haitaki matairi yangu.

Upana wa weupe unakwenda na mwaka wa gari. Katikati ya miaka ya 1950 weupe ulikuwa wa inchi mbili na nusu hivi, unakaribia kumeza ubavu wote. Cadillac wakatoa Eldorado Brougham ya 1957 yenye mstari wa inchi moja tu, na magari ya Marekani ya 1962 yalipotoka, mapana yalikuwa yameshapitwa na wakati. Impala ya 1964 ikivishwa mapana, wasiojua watapiga picha na wanaojua watacheka pembeni. Chukua membamba.

Sasa nije kwenye kilichonitoa jasho. Bel Air ya 1955 ilitoka kiwandani na matairi ya saizi 6.70-15 (rimu ya inchi 15), ya mshazari, yaani yale ya zamani ambayo nyuzi zake za ndani zinapishana kwa mshazari. Nilipoanza kutafuta, kila niliyemuuliza alikuwa na jibu moja: gari la kale, tairi la kale. Nikaomba kuendesha gari la rafiki yangu lenye matairi ya aina hiyo. Jamani! Usukani unafuata kila mfereji wa barabara kana kwamba una akili zake. Na asubuhi, likiwa limelala usiku kucha mahali pamoja, matairi yanakuwa yamebonyea upande wa chini, kwa hiyo mwanzo wa safari gari linatetemeka mpaka mpira upate moto.

Mimi gari langu naliendesha. Sikulifufua ili likae chini ya turubai. Nikaamua kufunga radiali, tairi la kisasa ambalo nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja toka ubavu hadi ubavu, yenye weupe mpana, saizi 205/75R15. Kwa kimo ni fupi kuliko lile la asili: inchi 27 dhidi ya karibu inchi 28, kwa hiyo mshale wa spidi unasoma zaidi kidogo ya mwendo halisi. Hilo nalivumilia. Breki na kona zimekuwa kitu kingine kabisa.

Kumpata muuzaji mwaminifu ndiko kulikonichosha. Wa kwanza aliniletea matairi yanayong'aa, yamefungwa nailoni, harufu ya mpira mpya. Nikachuchumaa, nikatafuta ile namba inayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa kwa tairi: mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Mbele yangu pameandikwa 2211. Wiki ya 22 ya mwaka 2011! Nikamwonyesha. Akaniambia tairi ambalo halijatembea halizeeki. Linazeeka, tena likiwa limekaa kwenye rafu. Mpira unakauka na nyufa zinaanza kwenye mkunjo wa ubavu hata kama sehemu inayogusa barabara ina nywele zake zote. Nikayaacha palepale. Akanitangaza kuwa mimi ni mteja msumbufu, na kuna wenzangu waliomwamini. Sawa. Ukienda kununua matairi ya gari la kale, nenda uwe msumbufu. Soma tarehe kwenye kila tairi, maana moja jipya laweza kuwekwa juu ya matatu mazee.

Mengine niliyopata yalikuja na rangi ya buluu juu ya weupe. Fundi aliyekuwa ananifungia alishtuka, akadhani yameharibika. Buluu ile ni kinga tu. Inatoka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, na itolewe mapema, kabla gari halijaanza kushinda juani. Usiikwangue kwa kisu. Usiipake petroli. Na yale mafuta ya kung'arisha matairi yaweke mbali kabisa, kwa sababu mengi yana asili ya petroli na yanaugeuza weupe kuwa rangi ya chai.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato. Wapo wanaopaka rangi: tairi linajikunja kila linapozunguka, rangi inapasuka. Wapo wanaonunua zile pete za mpira mweupe zinazobanwa kati ya rimu na tairi. Kwa mbali zinapendeza. Ukikimbia zinapepea, mchanga unaingia nyuma yake, na unausaga ubavu usipouona. Ndugu zangu, umetumia miaka kulirudisha gari barabarani, halafu unalibania kwenye kitu pekee kinachogusa barabara?

Nilipokwenda kwenye maonyesho, mzee aliyekuwa anakagua magari aliinama, akasoma ubavu, akaiona ile herufi R ya radiali. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kijana, hili umelivalisha viatu vya kuazima." Alama zikakatwa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila bado linaniuma. Gari la mzee yule huletwa juu ya trela na kurudi juu ya trela. Langu lilikuja kwa matairi yake na likarudi kwa matairi yake, kwenye mvua. Kama lengo lako ni alama za majaji, funga ya mshazari na usisikitike. Ndiyo sahihi kwa gari hilo. Kama unaendesha, funga radiali. Uamuzi huo ufanye kwanza, weupe utafuata.

Usichanganye tu. Mshazari na radiali kwenye ekseli moja ni kutafuta ajali, kwani hayashiki barabara kwa namna moja. Ndiyo maana, kaka wa Impala, ununue matano. Watu wengi hununua manne na kuacha kwenye buti lile la akiba la zamani, la mshazari, lenye umri wa kuoa. Tena rimu zako ni za inchi 14 na zangu za 15, kwa hiyo la kuazima kwangu halitakuingia.