Maswali yenu: Nesi wa Brussels, na jamani punguzeni kumuita spai

Tangu niitaje ile muvi ya zamani ya 1939, "Nurse Edith Cavell", ya yule nesi Mwingereza aliyekuwa na shule ya manesi Brussels, Ubelgiji, akauawa na Wajerumani walioushika mji huo wakati wa vita vya kwanza vya dunia kwa kutorosha askari, maswali yamemiminika mpaka simu inapata moto. Nimechukua machache. Mengine nimeyaruka maana majibu yake yamo humo humo ndani ya muvi, shida mnaangalia huku mnachati.

Hii ni stori ya kweli au ya kutunga?

Kweli. Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Alipigwa risasi alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915 pale Tir National, uwanja wa kulengea shabaha, Brussels, pamoja na msanifu majengo mmoja Mbelgiji, Philippe Baucq.

Alikuwa anatorosha wafungwa kutoka jela gani?

Hakuna jela, ndugu yangu. Wengi walikuwa askari wa Kiingereza na Kifaransa walioachwa huko nyuma jeshi lao liliporudi kinyumenyume baada ya mapigano ya Mons, Agosti 1914, wengine wana vidonda, wamejificha mashambani kwa watu wanakula viazi vya kupewa. Wanaletwa kwenye shule yake ya manesi, wanalazwa kama wagonjwa, wanatafutiwa karatasi za bandia na hela kidogo, kisha anakuja mtu wa kuwapeleka mpaka Uholanzi ambayo haikuwa vitani. Hivyo hivyo mpaka wakafika kama 200. Na mjue 1915 Wajerumani walizungushia ule mpaka waya wa umeme, ukigusa umekwisha, kwa hiyo msiseme "alikuwa anawasindikiza tu".

Kwa hiyo alikuwa spai, si ndiyo?

Hapa ndipo mnaponiudhi. Mtu akifanya kitu kwa siri basi ni spai, akibeba begi jeusi spai, akijua lugha tatu spai! Shtaka lake lilikuwa kuwapeleka askari kwa adui, sio ujasusi, na kwa sheria ya kijeshi ya Wajerumani adhabu yake ni kifo. Kweli, ule mtandao aliokuwemo ulipitisha pia habari za kijeshi, hilo silifichi, ila sio alichohukumiwa nacho.

Kilichommaliza ni nini? Alikubali mwenyewe. Tena akaeleza kwamba baadhi ya wale askari walifika mpaka Uingereza, amejuaje, kwa sababu walimwandikia kumshukuru. Hebu fikiria, umevushwa salama, umekaa kwenu unakunywa chai, unachukua kadi unamwandikia "asante sana matroni", unaituma kwenye mji ambao adui ndiye anayetawala. Wale wa kumposti kila aliyewasaidia na picha yake na mtaa anaokaa, mnanisikia? Wema mwingine unashukuriwa kimya kimya.

Mimi nasomea unesi. Si manesi wanalindwa na sheria vitani?

Swali zuri, la kwanza zuri wiki hii. Wanalindwa, lakini mkataba wa Geneva wa 1906 ulisema ulinzi wa hospitali unaondoka ikitumika kufanya vitendo vya kumdhuru adui. Na kumrudishia adui askari wake ni kumdhuru. Kwa hiyo kwenye karatasi Wajerumani walikuwa na hoja, ila akili hawakuwa nayo, maana walimuua mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa akitibu hata majeruhi wao, wakawapa Waingereza bango la kuandikishia vijana jeshini bure kabisa.

Nasikia alizimia, ofisa akammalizia chini kwa bastola.

Uongo. Zilikuwa kadi za posta za propaganda, zimechorwa apate huruma na Mjerumani apate chuki. Wakati usiku ule ule wa mwisho yeye alimwambia mchungaji Gahan, aliyemtembelea jela, kwamba uzalendo hautoshi, lazima asiwe na chuki wala uchungu kwa yeyote. Hayo maneno sanamu yake ya London haikuwa nayo mwanzoni, yaliongezwa 1924.

Ubalozi wa Marekani ulilala?

Haukulala. Balozi Whitlock alikuwa mgonjwa kitandani, akaandika barua ya kuomba aachiwe hai, katibu wake Gibson akaipeleka usiku pamoja na balozi wa Hispania. Mkubwa wa Kijerumani waliyemfuata, Von der Lancken, yuko wapi? Thieta. Wakaagiza akaitwe. Gavana wa kijeshi akakataa, na alfajiri ikafika.

Niangalie toleo lipi?

La 1939 la Anna Neagle kama unataka sauti. Lile la kimya la 1928, "Dawn", mtengenezaji ni yule yule Herbert Wilcox, lilinyimwa cheti Uingereza kwa kuogopa kuwaudhi Wajerumani, muda huo wanataka urafiki nao. Miaka kumi na moja baadaye la pili linatoka, vita vingine vinaanza, hakuna tena aliyejali kuwaudhi.

Naomba link ya bure.

Hapana.

Yule mbwa wake wa kwenye muvi alikuwepo kweli?

Alikuwepo, anaitwa Jack. Alipokufa walimkausha, yuko Imperial War Museum, London.