Shangazi, baridi ya Mbeya imenishinda, nirudi Tanga?

"Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa mtoto mmoja ana miaka 2, tumehama Tanga mwezi wa tano maana mume wangu kapata kazi kwenye mizigo inayovuka kwenda Zambia, tunakaa Uyole. Shangazi hii baridi imenishinda. Nalala na masweta mawili mablanketi matatu, usiku naingiza jiko la mkaa chumbani ndo angalau mtoto apate usingizi, na bado kila asubuhi naamka kichwa kinagonga mwili hauna nguvu. Tanga nilikuwa nauza vitumbua, nikajaribu na huku, unga haukuumuka kabisa, kilo 3 za mchele nikamwaga. Maharage nachemsha mpaka mkaa unaisha hayaivi. Mume wangu anasema nimekuwa mvivu, nadeka, mbona wenzangu wanaishi. Majirani nao wana maringo, jioni mtaa mzima milango imefungwa sina hata wa kuongea nae. Nataka nirudi kwa mama, yeye awe anakuja sikukuu. Nimwambieje? Mwana wa Tanga."

Marahaba mwanangu. Habari ya kurudi au kutorudi tutaifikia, ila kuna kitu umekiandika hapo katikati kama kitu cha kupita tu na mi nilipokisoma nikasimama. Jiko la mkaa chumbani. Kama unasoma hii usiku na hilo jiko liko ndani, litoe sasa hivi kabla hujaendelea, fungua mlango na madirisha yote, baridi acha iingie.

Hicho kichwa kinachogonga kila asubuhi na huo mwili usio na nguvu, mwanangu, mi siamini kama ni baridi. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikukohozeshi kama moshi wa kuni, na ule mkaa mwekundu uliokolea vizuri bila moshi ambao sisi wote tumezoea kuuona ndo salama, ndo huo huo unaoitoa. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni, unaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, alafu usingizi mzito, na watu wengi wanaondoka na usingizi huo huo maana hata ukishtuka mwili hauna nguvu ya kufika mlangoni. Mtoto inamuwahi kuliko mtu mzima kwa sababu anapumua haraka haraka. Na usinijibu kwamba unaacha dirisha wazi kidogo, haitoshi.

Mi nimekaa Njombe miaka mingi, na msiba mmoja mpaka leo sijausahau. Ndugu wawili wanafunzi walipanga chumba karibu na shule, ilinyesha siku nzima wakarudi wamelowa, wakaingiza jiko wakafunga mlango. Asubuhi hawakuonekana, mlango ukavunjwa. Sufuria yao ya chai ilikuwa bado juu ya jiko na vikombe viwili viko pembeni vimeshatiwa sukari. Kwaiyo naomba tu usinione mkali.

Kesho mapema nenda kituo cha afya, wewe na mtoto, na mumeo kama na yeye analala humo humo. Ukifika usiseme kichwa kinauma ukaishia hapo, sema tumekuwa tunalala na jiko la mkaa ndani, yataje hayo maneno hivo hivo, maana asiyejua hilo atakupima malaria atakupa za kutuliza maumivu na utarudi nyumbani kwenye jiko lile lile.

Haya sasa tuongee mengine.

Kwanza pole sana, na kabla sijakushauri nikwambie kwamba hujadeka. Mi kwetu Pangani, nimefika Njombe nikiwa mke mpya, mwezi wa saba. Asubuhi ya kwanza nachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi aliyonifungia mama nijipake, nainamisha haitoki kitu, natikisa wapi, yameganda yamekuwa meupe kama mshumaa. Nikajua yameharibika, nikakaa kitandani nikalia, yani nalia mafuta, kumbe nalilia mama na nyumbani na kila kitu. Baadae ndo nikajifunza kwamba mafuta ya nazi joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda yenyewe, ukiyaweka kwenye maji ya moto yanarudi. Kwetu Pwani mara nyingi unayakuta maji maji, ningejulia wapi?

Ndo maana nataka mumeo nae asome hapa, msomee kwa sauti kabisa. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanga iko baharini penyewe, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 hivi. Alafu huu msimu anga haina mawingu, jua likishuka joto la mchana linapaa lote, ndo maana usiku ule wenye nyota nyingi ndo unaokutesa zaidi. Tanga hata tukisema kipupwe kimeingia usiku joto linacheza kwenye nyuzi 20, Mbeya usiku wa Julai zinafika 7, zinafika 6, na kuna siku zinapita hapo. Umetoka huko ukaingia huku kwa safari moja ya basi, karibu kilomita 1,000, na mwezi wenyewe ni wa tano, yani baridi ndo inaanza. Mngehamia mwezi wa kumi ungekutana na Mbeya nyingine kabisa.

Na maharage baba, mkeo hajasahau kupika. Huko juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwaiyo sufuria unaiona inatokota kwa fujo na bado maji yenyewe hayajafika joto analolijua yeye toka anafundishwa jikoni kwao. Mwanangu loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, tia mengine, funika mfuniko uweke na jiwe juu mvuke usitoke ovyo, na ukipata hela kidogo nunua presha kuka, wenzako huko wanazitumia kwa sababu hiyo. Ila ndani ya nyumba iliyofungwa hata kupika kwa mkaa usipike, pikia nje au jikoni penye mlango wazi.

Vitumbua ndo vimeniuma zaidi, kilo 3 za mchele ni hela. Hamira ni kitu hai, inapenda uvuguvugu. Tanga unachanganya jioni unaacha mezani, jikoni penyewe pana joto la kutosha usiku kucha, ukiamka saa kumi unakuta umeshapanda umefurika. Huku ukiacha mezani hivo hivo unaukuta umelala kama ulivyouacha. Haujaharibika, umechelewa tu. Siku nyingine usiumwage. Sagia kwa maji ya uvuguvugu, yale ukichovya kidole unasikia raha hayakuunguzi, na tui nalo lipashe kidogo lisiingie la baridi, ukishachanganya tia kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo iweke ndani ya beseni la maji ya moto kiasi, alafu vyote vifunge na blanketi la zamani kama unavyomfunga mtoto. Mi nilikuwa nabadilisha yale maji ya beseni mara moja kabla ya kulala. Anza na nusu kilo mpaka mkono uzoee. Na uko mahali pazuri kuliko unavyojua, mchele wa Kyela huo ambao Pwani tunausifia kwa harufu wewe unaupata jirani tu, na mji wa baridi watu wanataka kitu cha moto na chai asubuhi, nazi itakugharimu maana inatoka mbali ila unaiweka kwenye bei, watakula.

Kupata joto bila jiko inawezekana. Blanketi moja kati ya hayo matatu litoe juu ulitandike chini ya shuka, juu ya godoro, baridi nyingi inatoka chini hatujui tunaendelea kujirundikia juu tu. Kama nyumba haina dari joto lote linapaa na bati, mwambieni mwenye nyumba, akikataa tundikeni hata pazia zito kuzunguka kitanda, na chini ya mlango sokomezeni nguo. Nenda mitumba ya Mwanjelwa mchana ukatafute sweta za sufu, hizi nyepesi za maua tunazovaa Pwani kwa mapambo hazikusaidii, ndani vaa kitu cha pamba kinachobana, soksi, na kofia, mtoto pia kofia. Famasi wanauza mifuko ya mpira ya maji ya moto, uufunge na khanga uuweke kitandani nusu saa kabla ya kulala, mtoto akipanda uutoe usimuunguze. Muogeshe mchana jua likiwa kali, umpake mafuta ya mgando akiwa bado na unyevu, maana ile baridi ni kavu itampasua mashavu.

Sasa majirani. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri, maana mi naona nusu ya ugonjwa wako uko hapa. Tanga sisi maisha yetu ni jioni, jua likishuka watu wanatoka barazani, kahawa, kashata, bao, watoto wanacheza mpaka saa tatu usiku, kwaiyo na wewe umefika Uyole ukasubiri jioni utoke utafute watu, ukakuta milango imefungwa ukasema wana maringo. Mwanangu nani atakaa barazani kwenye upepo wa Uyole saa moja usiku? Wameingia ndani wamejifunika na wanao. Watu wa baridi wanakaa pamoja asubuhi, kuanzia saa tatu hivi jua likishapanda, wanatoa viti na mikeka ukutani upande wa jua, wanachambua mboga, wanasukana, wanaongea. Na saa hizo wewe nadhani uko kitandani chini ya mablanketi na hicho kichwa. Unatafuta watu saa ambayo hawapo, na saa waliyopo wewe haupo.

Kesho kutwa ukitoka hospitali, toa mkeka wako. Nyumba za huko ndani mchana zina baridi kuliko nje, hilo peke yake lingekutoa. Salimia "ndaga", ni neno la Kinyakyusa linabeba salamu na asante na pole, wakiitika utaona sura inavyofunguka. Mi jirani yangu wa kwanza Njombe tulianza kwa kuulizana bei ya viazi tu, na yeye ndo aliyenishika mkono siku najifungua. Na ulizia msikiti wa karibu na madrasa ya kina mama, najua umezoea adhana kila kona, huko iko ila inabidi uifuate.

Na mumeo. Baba, wewe asubuhi unatoka, unashinda juani kwenye yadi na wenzako, unaongea, unacheka, unarudi usiku nyumba ishapashwa na mtu mwingine. Mkeo anashinda peke yake na mtoto wa miaka 2 ndani ya nyumba yenye marumaru ya baridi, biashara yake imekufa, hana mtu. Ukimwambia anadeka unamfungia mlango wa mwisho uliobaki. Jumapili moja mshike mkono muende wote sokoni, uujue unga anaopambana nao.

Sasa swali lako, nirudi Tanga? Mi nasema usiamue sasa. Usiamue ukiwa unatetemeka, kichwa kinagonga, na mtu pekee unayeongea nae amekuita mvivu, maana hapo hata ukiulizwa uende mwezini utakubali. Mwambie mumeo hivi, bila kulia na bila ugomvi: "Mi sikatai kuishi na wewe, ila upweke umenizidi kuliko baridi, nataka tuvumilie mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, wewe unisaidie hivi na hivi, alafu tukae tena tuongee." Huo mwezi wa kumi Mbeya inapata joto, ndo wakati wenye joto kuliko yote, alafu mvua zinaanza, na mvua za huko ni msimu mmoja mrefu mpaka mwezi wa nne hivi, si kama zetu za masika na vuli. Kama Oktoba imefika, jua lipo, vitumbua vinauzika na bado roho inataka kwa mama, basi tutajua haikuwa baridi, na utaniandikia tena tuongee hilo lingine bila kulivalisha sweta. Kuishi mbalimbali watu wanaishi, sikatai, ila nauli ya kilomita 1,000 na mtoto anayemjua baba kwa sikukuu, hayo uyapige hesabu ukiwa na akili iliyopumzika.

Kwenda kusalimia nenda, mama akuone. Ila mtoto alale kwenye chandarua toka usiku wa kwanza, maana Mbeya juu huko mbu wa malaria ni wachache kuliko Tanga, na mtoto akishakaa muda bila kuumwa mwili unapoteza ule uzoefu, akirudi Pwani ikimpata inampata vibaya.

Hayo mengine yana muda, jiko halina. Liache nje usiku huu, na kesho ukitoka kupimwa niandikie hata mstari mmoja, uniambie kichwa kimeamkaje na mtoto kaamkaje.