Maswali ya Wasomaji: Futi 80 za kasi zimepotelea wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, najaza mwenyewe risasi za .308 Winchester kwa ajili ya kulenga shabaha. Bunduki yangu ina mtutu wa inchi 24. Juni mwaka jana kichwa cha risasi cha greni 168 (gramu 11 hivi) kilikuwa kikitoka kwa wastani wa futi 2,650 kwa sekunde. Januari hii, kwa kipimo kilekile cha baruti, kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, inasoma 2,570. Kopo la baruti ni jipya, ila aina ni ileile. Maganda ya kijeshi yaliisha, nikanunua ya kiraia. Je, niongeze baruti mpaka kasi irudi?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Usiongeze hata punje moja. Kati ya Juni na Januari umebadilisha kopo, maganda na hali ya hewa kwa mkupuo mmoja, na kifaa unachopimia nacho hakijathibitishwa. Ukiongeza baruti kumbe kronografu ndiyo iliyodanganya, utakuwa umepandisha bure presha ya chemba, pale ganda linapokaa. Kikomo cha .308 kwa kanuni za SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha na risasi vya Marekani, ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na kipimo kilichopandishwa kwenye barafu ya Januari kitakuja kufyatuliwa kwenye jua la Juni.

Kila anayejaza risasi awe na boksi moja la risasi za kiwandani, toleo moja, asizozitumia kwa kazi nyingine ila kupimia. Piga kumi za kiwandani na kumi zako, kwa zamu, siku hiyohiyo na meza hiyohiyo. Kama za kiwandani nazo zimeshuka kuliko ulivyoziandika zamani, tafuta kosa kwenye kipimaji, baridi au mtutu. Kama zimebaki palepale na zako ndizo zilizoanguka, kosa liko kwenye meza yako ya kujazia. Kama hukuwahi kuzipima, mwombe mwenzako mwenye kipimaji cha rada akiweke kando ya chako mpige pamoja. Na msipige tatu tatu. Tofauti ya futi 15 kati ya wastani wa risasi tatu na wastani wa tatu nyingine si habari, ni bahati tu.

Tuanze na kronografu. Zile za macho mawili ya mwanga husumbua sana wakati wa theluji. Betri ya volti 9 hulegea kwenye baridi, jua huwa chini na kuingia kwa ubavu, na theluji huakisi mwanga kwenye tumbo la kichwa cha shaba hivi kwamba jicho halioni kivuli chake sawasawa. Weka betri mpya iliyokaa mfukoni, tandika kitambaa cheusi chini ya kifaa, na vichwa vichache vipake wino mweusi wa kalamu nene uone kama usomaji unabadilika. Kiweke futi 15 mbele ya mdomo wa mtutu ili mlipuko usikishtue. Risasi ikipita kwa mshazari inasafiri njia ndefu kati ya macho mawili, na kifaa kinaiona ni ya polepole: mshazari wa nyuzi 5 unakula kama futi 10. Macho yakiwa futi 2 mbali, kosa la robo inchi katika umbali huo ni asilimia moja, yaani futi 26 hivi kwa kasi yako.

Baridi nayo inakula. Kutoka nyuzi 28 za Selsiasi hadi 8 chini ya sifuri ni mshuko wa nyuzi 65 za Farenhaiti. Baruti zilizotengenezwa zisisumbuliwe na joto hupoteza chini ya nusu futi kwa kila nyuzi ya Farenhaiti. Nyingine hupoteza futi nzima au zaidi. Kwa hiyo baridi peke yake inaweza kueleza futi 20, na inaweza kueleza 65. Kupima ni rahisi: kumi ziache nje saa mbili, kumi ziweke kwenye kasha la kuhifadhi baridi pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu, joto la sebuleni tu, kisha piga kwa zamu. Usiziweke mbele ya hita ya gari, wala usiiache risasi ikae kwenye chemba yenye moto.

Maganda ndiyo tunayoyashuku kuliko yote. Ganda la kijeshi mara nyingi lina ukuta mnene, kwa hiyo nafasi ndani ni ndogo na baruti ileile inajenga presha kubwa zaidi. Ukihamia ganda lenye nafasi zaidi, presha inashuka na kasi inashuka nayo. Chukua maganda matano ya kila aina, yaliyofyatuliwa kwenye bunduki hiyohiyo na bado hayajarudishwa umbo, fataki zilizotumika (vile viwashio vya baruti kitakoni) zikiwa humohumo. Pima uzito likiwa kavu, jaza maji kwa bomba la sindano, gonga kidogo mapovu yatoke, usawazishe maji na mdomo wa ganda, kisha pima tena. Tofauti ndiyo nafasi, kwa greni za maji. Ukikuta nafasi ya ganda jipya imezidi kwa greni moja au mbili, umempata mwizi wako mmoja. Hapo dawa si kurudisha kasi ya zamani kwa nguvu. Ni kuanzia upya kwenye kipimo cha chini cha kitabu cha mtengenezaji wa baruti na kupanda taratibu.

Kopo jipya linadai hayohayo hata bila ganda jipya, maana toleo moja la baruti halilingani kabisa na jingine. Unyevu pia uuangalie. Baruti iliyoachwa wiki nzima kwenye kijazio, kile chombo cha kumiminia baruti, huvuta unyevu ikaungua polepole, au hukauka kwenye chumba chenye hita ikaungua kwa kasi. Rudisha koponi kila unapomaliza.

Mizani usiisahau. Iwashe nusu saa kabla, iwe mbali na feni na simu. Uzito wa kupimia wa gramu 3 unapaswa kusoma greni 46.3. Mizani nyingi za kidijitali hazishtuki ukidondosha punje mojamoja, kwa hiyo nyanyua sahani uirudishe kabla ya kuamini namba.

Mtutu tumeuacha mwisho kwa makusudi. Koo lake, mbele tu ya chemba, huliwa na moto, kichwa kikaanza kuruka umbali mrefu kabla ya kushika mifereji ya ndani ya mtutu, na kasi ikapungua. Lakini hilo huja kwa maelfu ya risasi, futi chache chache, halianguki kati ya Juni na Januari.

SWALI: Katika kila risasi kumi, moja inashuka futi 150 na shingo ya ganda inatoka na masizi mpaka begani. Nyingine ni safi. Natumia baruti ya vijiti virefu na kijazio cha mkono.
Msomaji, Ontario

JIBU: Masizi ni dalili ya presha ndogo: ganda halikutanuka mapema kuziba chemba, moshi ukarudi nyuma. Fataki iliyochomoza kidogo baada ya kufyatua husema jambo hilohilo. Vijiti virefu huwa vinajifunga kama daraja kwenye koo la faneli, ganda moja likapata pungufu na linalofuata likapokea yake pamoja na masalio. Kwa hiyo tafuta pia ile iliyokwenda kasi kupita kiasi, kwa sababu hiyo ndiyo ya hatari. Tumia faneli pana, pima kila kipimo kwenye mizani, na kabla ya kuweka vichwa panga maganda yote kwenye trei umulike kwa tochi: usawa wa baruti uwe mmoja. Kama vipimo vyote viko sawa, angalia fataki kama zimekaa chini ya kitako cha ganda, na pini ya kufyatua kama imejaa grisi iliyoganda kwa baridi.

Siku utakaposikia mlio hafifu kama kofi, simama. Elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri angalau sekunde 30, fungua bolti, kisha pitisha ufito mtutuni. Kichwa kilichokwama kikifuatwa na risasi nyingine kinapasua mtutu.

SWALI: Nilihamia vichwa vilivyopakwa molibdeni, kasi ikashuka. Je, ni kasoro?
Msomaji, Texas

JIBU: Hapana. Mpako hupunguza msuguano, presha haijengeki sana, kasi inashuka. Tumia vipimo vilivyochapishwa kwa vichwa vya namna hiyo. Na ukirudi kwenye vichwa vitupu, rudi pia kwenye kipimo chake.

SWALI: Nina .375 H&H ya uwindaji yenye mtutu wa inchi 21, na risasi ni za kiwandani. Boksi linasema 2,530 kwa greni 300, mimi napata 2,450. Je, nijaze mwenyewe?
Msomaji, Arusha

JIBU: Namba ya boksi hupimwa kwa mtutu wa majaribio, kwa kawaida wa inchi 24. Kila inchi pungufu hukata kama futi 20 hadi 25, na futi nyingine 10 hivi zimebaki hewani kabla risasi haijafika kwenye kronografu. Risasi zako hazina tatizo. Kujaza risasi bila leseni, Tanzania na Kenya, ni kosa la jinai. Wanaoandika kutoka Marekani wako chini ya sheria nyingine. Rekebisha darubini yako kwa 2,450 na uendelee na msimu.