Maswali ya wasomaji: wachache bungeni na sauti ya Kusini

Mwaka 2020 jimbo letu lilipata mbunge wa CUF. Mbona hatukusikia tena upinzani ukisoma hotuba yake ya bajeti? (Msomaji, Mtwara Vijijini)

Kwa sababu Kambi Rasmi ya Upinzani haikuwepo. Kanuni za Kudumu za Bunge zinautaka upinzani ufikishe asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo utambuliwe. Mwaka ule, Tanzania Bara nzima, ni jimbo lenu na Nkasi Kaskazini tu yaliyotangazwa kwenda upinzani. Hata ukiongeza Zanzibar na viti maalumu, idadi haikutosha. Basi Kiongozi wa Upinzani akakosekana, mawaziri vivuli (wasemaji wa upinzani kwa kila wizara) wakakosekana, na ile hotuba iliyokuwa ikifuata baada ya waziri na kamati ikapotea.

Hili linaniuma. Kigezo hicho kinaunyamazisha upinzani pale unapokuwa mdogo, yaani pale hasa serikali inapohitaji kuulizwa zaidi. Kila chama chenye mbunge kipewe dakika zake katika kila wizara, ziandikwe kwenye kanuni, zisiwe fadhila ya kiti cha Spika.

Upinzani unamsaidia nini mkulima, ikiwa mwishowe wenye "ndiyo" ndio wengi? (Mkulima wa korosho, Tandahimba)

Mzee wangu, kumbuka Juni 2018. Serikali ilileta mabadiliko ya sheria ili ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, iingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini wa CCM na wa CUF walipinga pamoja. Nape Nnauye, mbunge wa CCM wa Mtama, alikuwa miongoni mwao. Mabadiliko yakapita.

Hoja haikukosekana siku ile, kilichokosekana ni kinga ya mbunge. Kwa Katiba yetu, anayevuliwa uanachama hupoteza ubunge, na Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Bajeti yenyewe hupigiwa kura kwa kuitwa majina, chama kikisikiliza. Nani atakataa? Ndiyo maana naona kuruhusu mgombea binafsi, asiyesimamishwa na chama, na kulegeza masharti hayo kungemfaa mkulima kuliko kuongeza idadi ya viti.

Matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ya taifa yalikoma lini? (Mama lishe, Lindi mjini)

Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha mijadala yote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Mtandaoni unaweza kufuatilia, dada, ila bando ni pesa. Yarudi kwenye televisheni na redio.

Wenzetu wanafanyaje? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Uingereza upinzani hutengewa siku 20 katika kila kipindi cha Bunge, upange wenyewe mada. 17 ni za chama kikuu cha upinzani. Nasi tunao utamaduni mmoja mzuri: kamati za hesabu, PAC (hesabu za serikali) na LAAC (hesabu za serikali za mitaa), huongozwa na wabunge wa upinzani. Ulindwe.

Mimi niko Liwale. Nitasikika vipi Dodoma? (Msomaji)

Muswada unapopelekwa kamati, wadau hualikwa kutoa maoni, na maandishi hupokelewa. Usiandike peke yako: AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika cha wakulima, ikae, iandike kifungu gani hamkitaki na kwa nini, barua iende kwa Katibu wa Bunge na nakala kwa mbunge wenu. Kisha mwiteni mkutanoni awaeleze alipiga kura gani.