Kiwanja cha Dodoma kikague wakati wa mvua

Wanaonipigia simu kuulizia viwanja Dodoma huanza na bei, kisha hati. Mimi huwarudisha kwenye mambo mawili ambayo hati haiyaonyeshi: maji ya mvua yanapita wapi, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Mtaa wetu umepimwa kihalali, hati tunazo, kodi ya ardhi tunalipa, na bado mvua kubwa ikinyesha watoto hawavuki kwenda shule.

Madalali hupenda kukuleta kiangazi. Mwezi wa nane ardhi ni kavu na ngumu, gari dogo linafika hadi kwenye jiwe la mpaka, na korongo unalolipita lina mchanga mtupu. Mvua ya Dodoma si nyingi, ni kama milimita 600 hivi kwa mwaka, lakini karibu yote huja kati ya Desemba na Aprili, na ikija inashuka kwa kishindo. Korongo lile hugeuka mto kwa saa chache. Njoo Januari au Februari, siku moja baada ya mvua, utembee kwa miguu kutoka barabara kuu hadi kiwanjani. Tazama na udongo. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba ukilowa. Ukiona nyufa zinaanzia kona za madirisha kwenye nyumba za jirani, mtafute fundi aliyejenga pale akueleze msingi ulikwendaje. Dalali hatakueleza.

Kisha omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo zima, usiridhike na ramani ya kiwanja chako peke yake. Kwetu, kipande cha njia ya maji kilichochorwa kuwa eneo la wazi kiligawiwa viwanja. Nani aliidhinisha? Jibu la maandishi hatujalipata. Aliyepewa akamwaga kifusi, akainua ukuta, na maji yakahamia vyumbani kwa mama mmoja mjane anayekaa upande wa chini. Mwenye ukuta simlaumu, alilipia akapewa. Namlaumu aliyekaa na mchoro mezani, akaiona njia ya maji, akaiandikia namba ya kiwanja. Ndiyo maana nasema chukua mpima akuthibitishie mawe ya mipaka, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, na ukikuta tangazo la kubadili matumizi ya ardhi jirani yako, lisome siku hiyo hiyo na upeleke pingamizi. Ukuta ukishasimama, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Kama kiwanja kina historia ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, fuatilia karatasi zake tangu mwanzo. Mamlaka ile iliundwa mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie hapa, ikavunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Mafaili yaliyopita mikono mingi yanahitaji macho makali.

Tena, ukikuta mzee analima mtama au uwele kwenye kiwanja unachouziwa, usimwite mvamizi. Mpe mbukwa, salamu ya Kigogo, kaa naye, muulize kama alilipwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inazungumzia fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na wengi wa wazee hawa walikuwa hapa kabla hakijachorwa kiwanja hata kimoja. Ikiwa hajalipwa, rudisha fedha yako mfukoni.

Kuhusu maji, usiulize kama bomba limefika. Uliza linatoa maji siku zipi za wiki. Mji huu umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na watu wamezidi uwezo wake: sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 410,000 katika eneo la jiji, ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Weka gharama ya simtanki kubwa na maboza kwenye bajeti yako ya ujenzi tangu siku ya kwanza.

Nafurahia treni ya SGR, barabara ya mzunguko na uwanja wa ndege wa Msalato, nasema hivyo kwa moyo wote. Lakini inauma kushuka kwenye treni ya kisasa halafu bodaboda akukatalie kuingia mtaani kwako kwa sababu ya tope.

Kwa mliokwisha kujenga, jambo lililotusaidia sisi ni kujua kalenda. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Watu wengi hulalamika Machi, maji yakiwa magotini, wakati makadirio ya mwaka unaofuata yameshaandaliwa. Piga picha za mvua ya mwaka huu, zenye tarehe, uziweke. Ifikapo Septemba au Oktoba, kaeni na mwenyekiti wa mtaa, ombi liingie kwenye muhtasari wa mkutano, lipande hadi kamati ya maendeleo ya kata na kwa diwani. Ombeni kitu kimoja kinachopimika: kalavati mahali fulani, mtaro kutoka hapa hadi pale. Sisi tulipoandika “tunaomba barabara” hatukujibiwa. Tulipoandika kalavati moja, tukaambatanisha picha na majina ya kaya, alikuja mhandisi kupima, na kalavati likawekwa. Mtaro wa kupeleka maji mbele bado, na barua yake tunaiandaa sasa.

Barua toeni nakala, na msitoke ofisini kabla nakala yenu haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, mwakani mtaambiwa barua haionekani, na mtaanza upya.