Wapemba wa Kenya walichanganyika na wenyeji, haki hawakupata

Aliyeanzisha uzi huu ameuliza: mgeni aliyekaa Zanzibar muda mrefu, apewe haki zake kwanza, au aonyeshe kwanza kwamba ameshakuwa mwenzetu kwa lugha, mavazi na tabia? Wengi mmejibu awe mwenzetu kwanza, mengine yatafuata. Mnalitazama jambo hili kwa jicho la mwenye nyumba tu. Mie nataka nilieleze kwa jicho la mgeni, maana tukishavuka mkondo wa bahari kwenda Kenya, wageni ni sisi.

Kwetu Micheweni, kisiwani Pemba. Kila ikiingia kaskazi, wanaume wa kwetu na wa Kojani huenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, pwani ya Kenya. Nikiwa kijana nami nilikwenda nao. Wengine hawakurudi; walioa huko, wakazaa huko, wakazikwa huko. Ami yangu ni mmoja wao, makazi yake yako upande wa Kwale. Wazee wa zamani walipokwenda hawakuhisi wamehama nchi, kwa sababu ukanda ule wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha tu. Mkataba wa kuukabidhi kwa Kenya ulitiwa saini Oktoba 1963. Mtu alilala ni raia wa Sultani, akaamka ni mgeni, na nyumba yake haijasogea hata hatua moja.

Sasa huko kuchanganyika mnakokusema. Ami anazungumza Kiswahili hadi kimeingia lafudhi ya Kidigo. Mke wake ni mwenyeji. Msikitini husali safu ya mbele, kwenye mazishi hushika jeneza, harusi za mtaa mzima hupikiwa uani kwake. Kama kuna mtihani wa kuwa mwenzao, ameufaulu kabla wengi wetu humu hatujazaliwa. Lakini kitambulisho hakuwa nacho, na asiye nacho Kenya hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, hapati leseni ya uvuvi, hasajili kipande cha ardhi. Mashua aliyoichanga kwa jasho lake iliandikwa jina la rafiki yake. Rafiki alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Alipofariki, warithi walikuja na leseni mkononi, na kwa karatasi walikuwa na haki. Wazee walikaa, wakasuluhisha, mashua ikarudi. Ilirudi kwa hisani ya wale vijana. Wangekataa, ami asingekuwa na mahakama ya kwenda, maana angejitambulisha kwa nini?

Lililoniuma zaidi ni la binti yake. Alipofika darasa la mtihani, shule ilitaka cheti cha kuzaliwa. Wazazi wengi wa aina ya ami walifanya jambo moja: walimwandikisha mtoto kwa jina la jirani mwenye kitambulisho. Basi binti wa ami akapata cheti, akafanya mtihani, na kwenye cheti baba yake ni mtu mwingine. Sisi Waislamu tunajua uzito wa nasaba. Qur'ani imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Siku ya nikaha nilikuwepo. Kadhi ameshika kalamu, anasoma cheti, anauliza wali, yaani msimamizi wa bibi harusi, ni nani. Ami amekaa kulia kwake na yule jirani amekaa kushoto, na wote wawili wameinamisha macho. Ilibidi watu wazima wasimame mmoja mmoja kushuhudia mbele ya wageni kwamba huyu ndiye baba wa huyu. Nikaha ilifungwa, alhamdulillahi, ami akamwozesha mwanawe mwenyewe. Lakini baba mzima kutolewa ushahidi kama mali iliyookotwa, hilo sitalisahau.

Msiseme hakukuwa na sheria. Sheria ya uraia ya Kenya ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia wa nchi yoyote, kwa sharti wawe wameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Sasa pigeni hesabu. Waliokimbia Mapinduzi ya 12 Januari 1964 wamepitwa na mwezi mmoja. Mvuvi wa dago anayekwenda na kurudi, huo mfululizo ataupata wapi? Na neno la kuwa asiwe na dai la uraia kwengine lilitumika kuwaambia warudi kwao Tanzania. Walipokuja Pemba kutafuta barua, sheha, yaani kiongozi wa shehia, hakuwajua, skuli hazikuwa na majina yao, na waliowajua walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Kenya wanaitwa Watanzania, Tanzania wanaitwa Wakenya.

Mambo yalibadilika Julai 2023, Rais Ruto alipokwenda Kilifi na Wapemba wakatambuliwa kuwa raia na kuhesabiwa miongoni mwa jamii za Kenya. Jamii nyingine zilizokuwa bila uraia zilitangulia: Wamakonde, baada ya kutembea kutoka Kwale kwenda Nairobi 2016 kudai haki yao, kisha Washona. Nimefurahi na naishukuru Kenya kwa dhati. Ami alinipigia kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, akanisomea namba ya kitambulisho tarakimu baada ya tarakimu.

Hata hivyo, njia yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Haki ilikuja kwa kabila zima kwa mkupuo, na mkubwa ndiye aliyeitangaza. Aliyekuwa baharini siku ya kuandikishwa, mjane aliyerudi kwao, mtoto aliyeandikwa kwa jina la jirani kama binti wa ami, hawa wanaanza tena kuthibitisha kwamba wamo kundini. Na mgeni asiye na kabila la kupiga kelele, aliye peke yake, atasubiri rais gani? Kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilishasema mwaka 2011, katika kesi ya watoto wa Wanubi, jamii nyingine ya Kenya iliyonyimwa karatasi, kwamba Kenya ilikosa kwa kuwaacha watoto bila uraia. Ilitazama haki ya mtoto aliyezaliwa pale, haikuuliza kwanza kama wazazi wake wamependeza.

Turudi kwetu. Kwanza, kuna mchangiaji amewatia watu wa Tanzania Bara kwenye hesabu ya wageni. Wale ni raia wenzetu; suala lao ni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kile cha Zanzibar yenyewe, ni mjadala mwengine. Wageni tunaowazungumza ni kama Mkenya anayefanya kazi hotelini Paje. Kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akidai mshahara wake, mwajiri anaweza kumwachisha, na kazi ikiondoka na kibali kinaondoka nayo. Mtu wa namna hiyo hata akivaa kanzu kila Ijumaa na kujua msamiati wote wa Makunduchi, bado kinywa chake kimefungwa.

Tazameni na ndoa. Mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania, sheria yetu ya uraia ya 1995 inampa njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamme wa kigeni akioa Mtanzania hana njia hiyo. Binti wa Wete akiolewa na kijana wa Kipemba aliyezaliwa Kwale, anayezungumza kama yeye na kusali kama yeye, mumewe anaishi hapa kwa vibali. Lakini mtu asiyejua hata kusalimia akinunua nyumba ya dola 100,000 kwenye mradi ulioidhinishwa, kibali cha ukaazi anapata yeye na familia yake. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunapima tabia.

Mliotaja hofu ya ardhi nawaelewa, hasa mnaoishi Nungwi na Jambiani, mmeona wenyewe fukwe zilivyokwenda. Ila ardhi hapa ni mali ya umma, na hao wanaojenga hoteli wameingia kwa mikataba ya kukodi, uraia hawakuuhitaji. Kumnyima mtoto wa mvuvi cheti hakutarudisha ufukwe hata mmoja.

Ninachokitaka mie kinafanyika. Mtoto akizaliwa Mnazi Mmoja au Micheweni apate cheti chenye jina la baba yake na mama yake halisi, hata kama wote wawili hawana karatasi. Mfanyakazi mgeni akifukuzwa apewe muda wa kutafuta mwajiri mwengine, na paspoti yake akae nayo mwenyewe. Anayekataliwa ombi apewe sababu kwa maandishi na ajue pa kukata rufaa. Na msisahau, katika machafuko ya kisiasa ya Januari 2001 zaidi ya watu 2,000 walivuka kutoka Pemba kwenda Shimoni, Kenya, kuokoa roho zao. Wenyeji waliwapokea kwanza, hawakuwauliza tabia.

Na kwa aliyeniandikia pembeni kuhusu mtoto wa mpangaji wake aliyezaliwa Chake Chake: usikubali kumwandikisha kwa jina lako, hata kwa nia njema. Nendeni pamoja na kadi ya kliniki na barua ya sheha, mwandikisheni kwa jina la baba yake.